Mke wa Mama Yangu

Mama yangu ana mke. Nikisema hivyo nyumbani Matongo hakuna anayegeuka, lakini huku Ikoma nilikoolewa nalazimika kueleza kila mara, hasa kwa watu wanaotoka mbali kuja kufanya kazi kwenye hoteli za mbugani. Mama alizaa wasichana wawili tu, mimi na mdogo wangu, kisha baba akafariki. Kwa mila zetu za Kikurya, nyumba isiyo na mtoto wa kiume ni nyumba ambayo moto wake utazimika. Basi mama akafanya kama walivyofanya wanawake wengi kabla yake: akatoa ng'ombe, akaoa msichana, ili watoto atakaowazaa wawe wa nyumba ile. Ndiyo tunaiita nyumba ntobhu. Kwa hesabu ya mila, msichana huyo ni mke wa kaka yetu ambaye hakuzaliwa. Kwa hiyo mimi namwita wifi.

Ng'ombe waliomwoa ni wale walioletwa kwa ajili yangu. Waliingia zizini mimi nikatoka. Hawajazoea hata njia ya kwenda mtoni, wakatolewa, akaingia yeye. Alilala kwenye kitanda changu. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, mwembamba, mkimya, na nilipokuja kusalimia mara ya kwanza nilimhurumia. Huruma hiyo haikukaa sana.

Kilichoiondoa ni kiti. Kila nilipokwenda nyumbani mama alikuwa anapaza sauti, "Mleteeni mgeni kiti!" Wifi analeta kiti, analeta na chai, kisha anarudi jikoni, na baada ya muda kidogo mama anamfuata. Nawasikia huko ndani wakichambua mboga na kucheka, wamekaa chini wote wawili, magoti yanagusana. Mimi niko nje juu ya kiti, na kikombe changu kizuri. Mtu anayedhani kupewa kiti ni heshima hajawahi kupewa kiti nyumbani kwao.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa siku mama alipoanguka.

Alianguka shambani asubuhi, wakipalilia ulezi. Wifi alisikia jembe likidondoka, akageuka, akamkuta amelala kifudifudi, mdomo umekwenda upande. Hakukuwa na mtu mwingine karibu. Akambeba mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha bodaboda, wakapanda mshikaki, mama katikati, yeye nyuma amejifunga naye kwa kanga ili asidondoke. Walipofika Nyamongo gari la wagonjwa likawachukua hadi hospitali, Tarime. Hayo yote nilisimuliwa na watu wengine. Yeye mwenyewe hajawahi kunisimulia, na mimi sikumwuliza.

Mimi nilikuwa sokoni Mugumu mume wangu aliponipigia. Nililia kutoka Mugumu mpaka Nyamongo, na abiria wenzangu wakawa wananipa pole kwa zamu. Nilipofika hospitali jua lilikuwa limezama, nikamkuta wifi kwenye benchi nje ya wodi ya wagonjwa mahututi, udongo umemkaukia miguuni mpaka magotini.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Yuko ndani. Hasemi. Upande wote wa kulia umelala. Wanasema ni kiharusi."

Alisema kwa sauti tulivu, na nikauchukia ule utulivu. Macho yake yalikuwa makavu. Nilitamani nimkute analia, nimbembeleze, niwe mkubwa. Kumbe hakuwa amepata nafasi ya kulia.

Muuguzi akatoka, dada mmoja mwenye lafudhi ya pwani. Akasema anaingia mtu mmoja tu, ndugu wa karibu zaidi. Tukasimama wote wawili.

"Mimi ni mwanawe wa kwanza," nikasema.

"Na wewe?"

"Mimi ni mke wake," wifi akasema.

"Mke wa nani?"

"Wa huyu mama."

Muuguzi akacheka kidogo, akatuangalia, akaona hatucheki. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi akamwambia, "Mwanangu, hapa ni Tarime. Anasema kweli." Muuguzi akatikisa kichwa, akamwuliza wifi kama ndiye aliyemleta mgonjwa, na kama mgonjwa alikuwa na presha.

Nikafungua mdomo kusema hapana. Wifi akawahi.

"Anayo. Alikuwa anameza dawa, akaziacha. Alisema zinamkausha mdomo. Nilimsihi, akakataa."

"Basi ingia wewe. Daktari atataka kukuuliza."

Nikabaki na mzee wa watu kwenye benchi. Miaka yote hiyo mama ana presha, mimi sijui. Mkononi nilikuwa nimeshika mfuko wenye mashuka mapya niliyonunua Mugumu, mashuka ya maua, na mzee akanisaidia kuushikilia nilipoanza tena kulia. Sikumweleza kwamba sasa nalia kwa jambo jingine.

Daktari alituita wote wawili baadaye. Alikuwa kijana mpole. Alisema damu imevuja ndani ya kichwa, kwamba siku za mwanzo ndizo ngumu, na kwamba hawezi kutuahidi kitu. "Lakini zungumzeni naye," akasema. "Huenda anasikia. Afadhali asikie sauti aliyoizoea kila siku. Nani anaishi naye?"

Wifi aligeuka. Aliniangalia mimi. Hata huo upole wake ulinichoma, maana jibu lilikuwa limeshajulikana.

Zamu yangu ilipofika nikaingia. Mama alikuwa mdogo kitandani, kama amepungua njiani. Kulikuwa na mpira puani na dripu mkononi. Niliushika mkono wa kushoto, ule uliokuwa bado na joto la kwake, nikapiga magoti. Mimi ni mtu wa kanisa, nimeokoka tangu nikiwa msichana, na ninajua kuomba. Siku ile niliomba hivi: Bwana, mponye mama yangu. Mponye, lakini afungue macho mimi nikiwa nimeushika huu mkono. Nilisema maneno hayo kwa sauti, nikayasikia, na sikuyarudisha.

Tulipanga chumba kimoja karibu na hospitali, mimi na wifi, kitanda kimoja. Asubuhi yeye anapika uji wa ulezi kwenye jiko la mkaa, mwepesi wa kupita kwenye mpira, mimi nafua. Mdogo wangu aliyeolewa ng'ambo ya mpaka alikuwa amejifungua wiki ile ile, hakuweza kuja, alikuwa anapiga simu mara kwa mara, "Sasa mathe yuko aje leo?" na mimi namwambia, "Yuko hivyo hivyo." Kisha anasema, "Nipee wifi." Na mimi nampa.

Saa za kuona wagonjwa tulikuwa tunagawana. Nilikuwa nasimama mlangoni wakati wa zamu ya wifi, nikiangalia kupitia kioo. Alikuwa anamsimulia mama kwa Kikurya habari za nyumbani, hasa za ng'ombe mmoja mwekundu aliyekaribia kuzaa. Amekula nini, amelala upande gani, amempiga teke nani. Na siku moja nikaona vidole vya mama vya mkono wa kushoto vinajikunja juu ya shuka langu la maua. Wifi akaviona pia. Hakupiga kelele. Aliendelea kusimulia, polepole zaidi.

Zamu yangu nikaja na habari zangu. Nikamweleza mama kuhusu wajukuu wake wa Ikoma, masomo yao, dari tuliyoweka sebuleni, tembo waliovuka barabara karibu na geti la mbuga. Vidole havikutikisika. Nikaona aibu, lakini nikafanya hivyo hivyo: nikaanza habari ya yule ng'ombe. Nikasema anaendelea vizuri. Nikasema amekula. Nikataka kumtaja jina, maana mama huwapa ng'ombe wake majina, nikagundua silijui. Nikakaa nimeushika mkono wake mpaka muda ukaisha.

Baba mdogo alikuja kutoka kijijini, amevaa koti lake la sherehe. Huyu ndiye aliyebaki kuwa mzee wa ukoo wetu. Alisimama miguuni pa kitanda muda mrefu, kisha akanivuta pembeni nje. Aliniambia amechinja mbuzi nyumbani, pale alipolala baba, na amewaomba waliotutangulia wamwachie mama. "Nakuambia wewe kwa sababu wewe ndiye mkubwa," akasema. Mimi si mtu wa mambo hayo, na siku nyingine ningemjibu kwa mstari wa Biblia. Siku ile nilimshukuru kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa kwanza tangu nifike kuniambia kwamba mimi ndiye mkubwa.

Jumapili wakaja wanawake wa kanisa la wifi, kundi zima, wamevaa kitenge cha sare. Nilidhani wamekuja kumfariji mwenzao. Wakanisalimia vizuri, na mmoja, mama mnene mwenye sauti nzito, akasema, "Tumekuja kumwona dada yetu."

"Wifi yupo ndani," nikamwambia.

"Si wifi yako. Mama. Mama yako ni mwenzetu. Alibatizwa Pasaka."

Nilimwangalia yule mama kama mtu anayeangalia duka lake linaungua. Miaka mingapi nimemsihi mama aje kwa Yesu? Nimefunga kwa ajili yake. Nimemletea Biblia yenye maandishi makubwa. Na kila mara alikuwa ananijibu, "Mungu wako ana masharti mengi, mwanangu, acha nizeeke kwanza." Kumbe amekwenda majini. Amekwenda na mwingine. Nilipaswa kuruka kwa furaha, kwa kuwa nafsi ya mama yangu imeokolewa, na mtu aliyeniona siku ile anaweza kuapa kwamba nilifurahi, kwa maana nilisema, "Bwana asifiwe." Lakini ndani yangu nilikuwa kama nimeibiwa.

Waliimba kwa sauti ya chini kandokando ya ukuta wa wodi, na muuguzi wa pwani akawaruhusu. Mimi nilikwenda nyuma ya hospitali, kwenye kamba za kuanikia nguo. Wifi akanifuata baadaye na beseni la shuka.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Nini?"

"Mama amebatizwa. Simu unayo. Mdogo wangu unaongea naye kila siku."

Akaweka beseni chini. "Alinikataza. Alisema, 'Yule mkubwa akijua atasema, si nilikuambia? Acha nimwambie mwenyewe akija Desemba, nimwone uso.'"

Maneno yale yalikuwa ya mama kabisa, hata namna ya kuvuta sauti. Na hayo pia yalikuwa mdomoni mwa wifi.

"Unajua uliletwa na ng'ombe wangu?" nikasema. Nilikuwa nimelihifadhi neno hilo tangu siku ya kwanza.

Alichukua shuka, akashika ncha moja, akanipa nyingine. Tukalikamua, yeye akizungusha huku, mimi kule, maji yakimwagika kati yetu.

"Najua," akasema. "Hakuna asiyeniambia. Na mimi nina mama, wifi. Yuko hai. Alipokea hao ng'ombe, na tangu siku ile hajaja kuona hata mtoto wangu mmoja. Mama niliye naye ni huyu." Akaninyang'anya shuka kwa upole, akalitupia kambani. "Lakini ikifika Desemba, akisikia unakuja, nyumba nzima hatupumziki. Siribeni ukuta, fagieni mpaka zizini, kamateni jogoo. Jogoo yule mkubwa, kila mwaka. Nilimwuliza siku moja, 'Na mimi utanichinjia lini?' Akacheka. Akasema, 'Wewe upo. Uchinjiwe kwa lipi?'"

Nilimtazama. Alikuwa anabana shuka na vibanio, haraka haraka.

"Kumbe na wewe," nikasema.

"Mimi na nini?"

Nikachukua shuka jingine, nikampa ncha moja. Tulianika nguo zote zilizobaki, na tulipomaliza akabeba beseni, nami nikabeba ndoo.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo moyo wangu ulipoa. Haukupoa. Kujua kwamba yeye pia ana wivu na mimi kulinipa nafuu ya siku moja, kama dawa ya maumivu. Kesho yake nilikuwa tena mlangoni kwenye kioo, nahesabu vidole vya mama. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa nikimpisha aingie kwanza, kwa sababu nilitaka mama apone kuliko nilivyotaka kushinda. Hayo mawili yalikuwa karibu sana kifuani mwangu, na kulikuwa na siku sikujua lipi limetangulia.

Mama alifungua macho asubuhi moja tukimwogesha. Wakati ule walikuwa wameshamhamishia wodi ya kawaida, na tuliruhusiwa kuwa naye wote wawili. Wifi alikuwa anampangusa shingo, mimi nimeshika beseni. Macho yalifunguka, yakazunguka darini, yakatua kwa wifi. Midomo ikahangaika. Kisha likatoka neno moja, zito, limejaa mate, lakini linasikika. Wifi akaanguka kwenye kitanda akalia kwa sauti, kilio cha tangu siku ya shamba la ulezi, mpaka wagonjwa wengine wakainuka.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Ameniita jina la ng'ombe," akasema, analia na kucheka.

Ndipo mama akageuza macho kwangu. Nilisogeza uso wangu karibu. Akaniangalia vizuri, akaniita kwa jina la wifi.

Daktari alitueleza kwamba maneno yamechanganyika kichwani, kwamba yatarudi moja moja, mengine huenda yasirudi. Sisi kila mmoja alichukua lake. Baba mdogo alisema wazee wamesikia, na wanamtaka huyo ng'ombe aliyetajwa. Wanawake wa kitenge waliimba barabara nzima hadi stendi. Mimi nilimpigia mchungaji wangu Ikoma, aliyekuwa amefunga pamoja nami, nikamwambia Mungu wetu amejibu. Kila mtu alidai ni muujiza wa mlangoni kwake. Wifi peke yake hakudai chochote. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwazima kijiko, maana mama alikuwa ameanza kumeza.

Siku ya kuruhusiwa nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeongea na mume wangu, tumeandaa chumba, kina dirisha kubwa na kitanda cha chini kisichohitaji kupanda. Huku kwetu kuna umeme wa uhakika, na hospitali ya Mugumu si mbali. Nilimwinamia mama nikamweleza yote, taratibu, nikimshika mkono. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nyumbani."

Lilikuwa neno lake la kwanza lililokaa mahali pake.

"Na kwangu ni nyumbani, mama."

Akanipapasa shavu kwa ule mkono mzima, kama unavyompapasa mtoto anayeelekea kulia, akarudia, "Nyumbani." Wifi alikuwa amegeukia ukutani anafunga mizigo, na sikuweza kuuona uso wake. Nafikiri aligeuka makusudi ili nisiuone.

Kanisa lao la Matongo ni la mabati, na ukisimama mlangoni unauona mlima wa mawe yanayotupwa kutoka mgodi wa dhahabu. Walifanya ibada ya shukrani mama alipoanza kutembea na fimbo. Nilitoka Ikoma alfajiri kuiwahi. Mchungaji akamwomba mama aseme neno. Aliinuka, akayumba, akasimama. Alitafuta neno, alitafuta, kisha akamtaja wifi kwa jina lake, sawasawa, na kumwonyesha kwa fimbo. Vigelegele vikapasua mabati. Na mimi nilipiga. Nilipiga kwa sauti kuliko wote, ili nisisikie kitu kingine.

Ni muda sasa. Mama anazungumza, si kama zamani, lakini anazungumza. Anawaita wajukuu, anagombana na baba mdogo kuhusu mipaka ya shamba, anaomba kabla ya kula kwa maneno yake manne matano. Jina langu tu ndilo halijarudi. Ananiita kwa jina la wifi, au la mdogo wangu, au ananiangalia tu na kutabasamu na ule upande mmoja wa mdomo, na mimi naitika.

Mwezi uliopita nilikwenda bila kutoa taarifa. Bodaboda iliniacha kwenye njia panda kwa sababu ya matope, nikashuka kwa miguu. Mbele yangu, njiani, nikawaona wanatembea taratibu, mazoezi ya jioni aliyoagiza daktari. Mama kwenye fimbo, wifi amemshika kiwiko. Walikuwa wamenipa migongo. Kila hatua wifi alikuwa anasema neno moja, na mama analijaribu. Nilisogea mpaka nikasikia. Lilikuwa jina langu.

"Sema tena," wifi alikuwa anamwambia. "Mkubwa wako. Sema."

Mama akalitafuta, likamponyoka, akasema jingine. Wifi akalitaja tena, kwa subira, kama mtu asiye na kazi nyingine duniani. Niliganda pale kwenye matope na viatu vyangu mkononi. Namwomba Mungu kila siku jina langu limrudie mama, na naamini litarudi. Siku likirudi litakuwa limepitia kwanza kinywani mwa wifi yangu. Hata hilo nilimwonea wivu, nikiwa nimesimama pale pale, na bado sikutaka wanyamaze.